Pini, kandambili na chupa ya jemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vifaa vya kienyeji vya kuhifadhi wadudu

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, na jioni moja kila wiki nakaa na wanafunzi wanaokusanya wadudu. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wao, na walimu wenzangu, na siku hizi hata na wazazi wanaosumbuliwa na watoto watafute kandambili zilizokatika. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikiwa nchi za baridi. Kule ukishafunga sanduku, umemaliza. Huku pwani ukifunga sanduku ndiyo kwanza sisimizi wanaanza kulizunguka, na masika yakifika ukungu unaota mpaka kwenye mikanda ya suruali. Ndiyo maana humu nimesema sana habari za unyevu na sisimizi, na urembo wa sanduku nimeugusia tu.

Nianze na vifaa gani?

Pini, kipande cha kandambili, chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana, karatasi ngumu ya lebo, penseli, na sanduku lolote la viatu. Ubao wa kutandazia mabawa utakuja siku utakapomkamata kipepeo wa kwanza. Kigogo cha kupimia kitakuja siku utakapoona wadudu wako wamesimama kwenye pini kila mmoja kimo chake, kama nguo zilizoanikwa na mtoto.

Pini za fundi cherehani zinafaa?

Kwa mazoezi, ndiyo. Kwa mdudu unayetaka aonekane miaka kumi ijayo, hapana. Pini ya fundi ni nene, hivyo inapasua wadudu wadogo. Ni fupi, hivyo ukishaweka mdudu na lebo hapabaki pa kushika. Tena inashika kutu, na kutu ikianzia ndani ya mdudu inamvunja vipande viwili. Zile za shaba ni balaa jingine: mafuta ya mdudu yanakutana na shaba, na baada ya muda unaona povu la kijani limemtoka kifuani.

Pini za wadudu zenyewe zina urefu wa milimita 38 hadi 40 na huuzwa kwa namba. Namba 2 ina unene wa kama milimita 0.45 na namba 3 kama 0.5. Ukipata mtu anayesafiri, muagize namba 2 au 3 za chuma kisichoshika kutu, maana hizo mbili zinatosha kazi nyingi. Kama kuna kitu kimoja cha kununua katika ukurasa huu wote, ni hizo.

Usitupe pini nyingine, lakini. Pini za mtandio, zile zenye ushanga kichwani wanazobania ushungi akina mama, ni nzuri kuliko zote kwa kushikilia miguu, vipapasio na vipande vya karatasi mdudu anapokauka. Hazimtoboi mdudu, zinamzunguka tu, kwa hiyo unene wake hauna neno. Ushanga nao haukuumizi kidole.

Pini inachomwa wapi hasa?

Inategemea mdudu, na sababu ni moja: mwili wa mdudu una pande mbili zinazofanana, kwa hiyo tunatoboa upande wa kulia ili wa kushoto ubaki mzima kwa mtu atakayetaka kumchunguza baadaye.

Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na sehemu ya mbele, pini itokee chini kati ya mguu wa katikati na wa nyuma. Usimchome kwenye mstari wa katikati yanapokutana mabawa, kwa sababu yatafunguka kama mlango wa kabati bovu. Panzi na senene, toboa lile pingili kubwa la nyuma ya kichwa, upande wa kulia, karibu na ukingo wake wa nyuma. Nzi, nyuki na nyigu huchomwa kifuani, kulia kidogo ya katikati. Kunguni wa mimea wana kipande cha pembetatu mgongoni: hapo hapo, kulia kidogo. Kipepeo, nondo na kereng'ende ndio pekee wanaochomwa katikati ya kifua.

Pini isimame wima ukitazama kutoka mbele na ukitazama kutoka ubavuni. Wanafunzi wengi hutazama upande mmoja tu, halafu mdudu anaonekana kama anapiga mbizi.

Kigogo cha kupimia ni nini, na ninakitengenezaje?

Ni kipande cha mbao chenye matundu ya vina mbalimbali, cha kuweka wadudu wote na lebo zote kwenye kimo kimoja. Vya kununua vina umbo la ngazi. Cha kwetu ni kipande kimoja tu kilichobaki kwa seremala, kinene cha sentimita 3, kilichotobolewa matundu matatu: milimita 25, 18 na 11. Kina cha tundu unakipima kwa kuzungushia utepe wa umeme kwenye ncha ya drili, na utepe ukigusa mbao unaacha.

Matumizi ni haya. Ukishamchoma mdudu, geuza pini na uingize kichwa chake kwenye tundu la milimita 11 mpaka mgongo wa mdudu uguse mbao. Sasa juu yake pamebaki milimita 11 za kushika kwa vidole. Hicho kimo kitakuwa kile kile kwa siafu na kwa chonga, yule mbawakawa mkubwa wa minazi. Kisha toboa lebo ya kwanza, ile ya mahali na tarehe, na uishushie kwenye tundu la milimita 18. Lebo ya pili, ya jina la mdudu, inaishia 11. Lile la 25 ni la kimo cha mdudu mwenyewe, ili miguu yake isiguse lebo.

Usipopata drili, gundisha vipande vya maboksi magumu kimoja juu ya kingine, ngazi tatu, na utoboe kwa sindano ya gunia. Kitalegea baada ya miezi michache, nawe utakuwa umeshapata drili.

Mdudu ni mdogo kuliko pini. Nifanye nini?

Usimtoboe. Kata pembetatu ndogo ya karatasi ngumu, urefu wa milimita 8 hivi, upana wa kitako milimita 2 au 3. Kadi za mwaliko wa harusi zinafaa kweli, na kila nyumba inazo. Choma pini kwenye kitako cha pembetatu, ikunje ncha kidogo kuelekea chini, gusa tone la gundi, na umbandike mdudu kwa ubavu wake wa kulia wa kifua. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao, na tone liwe dogo kuliko kichwa cha pini. Gundi za papo kwa papo usitumie, kwa sababu siku ukitaka kumbandua mdudu hutaweza, ilhali gundi nyeupe inalainika kwa maji.

Ubao wa kutandazia mabawa unatengenezwaje?

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Chukua mbao mbili laini, kila moja urefu wa sentimita 30, upana 5 au 6, unene sentimita 2. Zipange sambamba juu ya kipande cha chini, ukiacha ufa kati yake. Kwa vipepeo wakubwa ufa uwe sentimita 1, kwa wadogo nusu yake, na ukiweza tengeneza mbao za aina zote mbili. Ndani ya ufa, chini kabisa, gundisha ukanda wa kandambili ili pini iwe na mahali pa kuzama. Mwambie seremala aparue nyuso za juu ziinamie kidogo kuelekea kwenye ufa. Atakuuliza kwa nini. Sababu ni kwamba mabawa yaliyokauka yakiwa yameinuka kidogo yatashuka yenyewe kadiri miezi inavyopita, hasa huku kwenye unyevu. Ukiyakausha bapa kabisa, mwakani kipepeo atakuwa ameinamisha mabawa kama kuku aliyenyeshewa.

Kazi yenyewe ni hivi. Kipepeo awe laini. Mchome kifuani, mzamishe kwenye ufa mpaka mashina ya mabawa yawe sawa na uso wa mbao. Kata vipande vyembamba vya karatasi ya kunakilia ramani, au jalada angavu la plastiki la daftari, na uvilaze juu ya mabawa, ukichoma pini upande wa juu tu. Chukua sindano nyembamba uliyoichomeka kwenye kijiti, tafuta ule mshipa mnene wa ukingo wa mbele wa bawa, weka ncha nyuma yake na usukume juu polepole. Usilitoboe bawa. Bawa la mbele lipande mpaka ukingo wake wa nyuma ufanye pembe mraba na mwili. Bana kwa karatasi. Fanya upande wa pili, na ukingo wa bawa hili uwe mstari mmoja na wa lile. Kisha pandisha mabawa ya nyuma mpaka pengo kati yake na ya mbele libaki dogo. Pini zote za kubania zichomwe nje ya bawa, kwenye karatasi.

Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na utararua bawa moja. Anza na wale vipepeo weupe wadogo wa kwenye mbogamboga, walio wengi.

Muda wa kukauka: wiki moja kwa kipepeo mdogo, mbili kwa mkubwa, na masika ongeza wiki. Kuna namna ya kujua. Gusa tumbo la kipepeo kwa ncha ya sindano, taratibu sana. Likicheza peke yake, bado. Likitikisika pamoja na mwili mzima, amekauka.

Sina mbao laini. Ni nini kingine kinapokea pini?

Sisi wa Tanga tuna bahati ya mkonge. Ulipandwa huku mwaka 1893, alipouleta Richard Hindorf, na mpaka leo watu wanauangalia kwa ajili ya nyuzi tu. Lakini mkonge unapotaka kutoa maua huchipua mti mrefu katikati, na mti ule ukikauka ndani yake ni mwepesi, unapokea pini kwa kidole na kuishika. Pasua kwa msumeno, anika juani siku kadhaa, kisha pasha moto au weka kwenye friza kabla ya kuutumia, kwa sababu wadudu wanaotoboa mbao nao wanaupenda. Ubao wangu wa kwanza wa kutandazia ulikuwa wa mkonge mtupu.

Kandambili za sponji nyepesi zinafaa kwa sakafu ya sanduku. Jaribu kwanza: pini iingie bila nyundo na isimame bila kuyumba. Ukiziokota ufukweni ziloweke kwenye maji baridi na kubadilisha maji mara mbili tatu, maana chumvi iliyobaki inavuta unyevu na kuozesha pini. Mgomba nimeona watoto wakiutumia. Unashika pini vizuri siku ya kwanza, siku ya tatu unanuka.

Mdudu wangu amekauka na miguu imekunjamana. Naweza kumlainisha?

Ndiyo, na chupa ya kulainishia ni kifaa rahisi kuliko vyote. Chupa ya jemu au ndoo ya siagi yenye mfuniko, chini mchanga uliokaangwa na kupoa, ulowe maji lakini yasituame, na matone mawili ya dawa ya kuua vijidudu ili ukungu usiote. Juu ya mchanga pindua kifuniko cha chupa ya soda, mlaze mdudu juu yake asiguse maji, funga. Kipepeo mdogo siku moja, mkubwa mbili, panzi tatu. Chungulia kila siku. Ukimsahau wiki nzima utakuta manyoya ya kijani.

Mbawakawa hana haja ya chupa: mtumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, miguu inafunguka yenyewe. Kipepeo na nyuki usiwafanyie hivyo, watatoka kama tambara.

Namna gani ya kumuua mdudu bila kumtesa na bila sumu?

Friza. Mtie kwenye kichupa kilichofungwa, umwache usiku kucha. Wengi wenu hamna friza, najua, lakini mama anayeuza barafu za ubuyu anayo. Muombe, mwonyeshe chupa, ifungwe ndani ya mfuko. Usiifiche chini ya barafu zake ukidhani hataiona. Ataiona, na atapoteza wateja, na wewe utapoteza friza.

Mbawakawa na wadudu wengine wagumu wasio na manyoya huweza kutumbukizwa kwenye maji yaliyotoka kuchemka: wanakufa papo hapo na wanakuwa laini tayari.

Wakubwa wanaotaka chupa ya dawa wanaweza kumimina unga wa jipsamu ulioloweshwa chini ya chupa, sentimita 2, ukauke kabisa, kisha waudondoshee ethili asetati. Baadhi ya dawa za kutoa rangi ya kucha zinayo: soma kibandiko. Nyingine ni asetoni tupu, ambayo inaua lakini mdudu anakakamaa upesi. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, na mtoto asiachiwe chupa. Dawa za kunyunyizia mbu achana nazo, zinalowesha mabawa.

Na kuna njia ya kutoua kabisa. Asubuhi na mapema pita chini ya taa za nje, utakuta nondo na mbawakawa waliokufa usiku. Angalia mbele ya basi lililotoka safari ndefu. Wanaofuga vipepeo, kama mradi wa Kipepeo kule Gede, Kenya, ulioanza mwaka 1993, au kituo cha vipepeo cha Pete karibu na Jozani, Unguja, huwa na vipepeo waliokufa kwa uzee. Kuuliza si kosa.

Sanduku la maonyesho liwe na kina gani?

Hesabu mwenyewe. Pini ina milimita 38 hadi 40, inazama kama 8 kwenye kandambili yenye unene wa 10. Zinabaki 30 na ushee juu ya sakafu, na unataka nafasi ya kidole kati ya kichwa cha pini na kioo. Kwa hiyo kina cha ndani kisipungue milimita 50. Fremu za picha za dukani ni bapa mno, ndiyo maana watu wanakata pini kwa koleo halafu wanajuta.

Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, hutupa vipande vya kioo cha milimita 3 kila siku. Pima kioo kwanza, kisha mpe seremala vipimo vya kioo ajenge sanduku kukifuata. Ukianza na sanduku utahangaika kutafuta kioo cha kulitosha. Mfuniko ukae ndani ya mfereji, na kwenye mfereji bandika ule ukanda wa sponji wa kuzibia milango. Kimbawakawa mmoja mdogo kama punje ya ufuta anatosha kuangamiza sanduku: hutaga mayai, na lava wake wenye manyoya hula wadudu wako kutoka ndani. Dalili yao ni unga wa kahawia chini ya mdudu. Ukiuona, funga sanduku zima kwenye mfuko wa plastiki na uliweke kwenye friza wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka lipate joto la chumba, la sivyo umande utawalowesha wadudu.

Sanduku la viatu nalo linafaa, mradi ufunge kona zote kwa utepe. Halina kioo, na hilo ni jema: jua linachujua rangi za vipepeo, na wanaokaa gizani wanabaki na rangi zao. Sanduku la kioo usilitundike ukuta unaopigwa na jua la asubuhi.

Naweza kutumia lile povu jeupe la kwenye boksi la televisheni?

Kwa kukaushia, ndiyo. Kwa sanduku la kudumu soma kisa hiki kwanza. Mwaka wa pili wa klabu yetu niliweka sakafu ya povu jeupe kwenye masanduku matatu, nikatia na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia mende. Likizo ya Desemba ikapita. Nilipofungua, povu lilikuwa limebonyea na kunata kila kidonge kilipogusa, pini zimelala, vipepeo wawili wamegandamana. Naftalini ya vidonge vile inayeyusha povu lile. Ethili asetati nayo hivyo hivyo.

Tangu hapo vidonge hivyo niliviacha kabisa, kwa sababu ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza. Huku kwenye malaria wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, wengi wao bila kujua, na kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Darasa lenye watoto 60 huwezi kujua nani anao. Friza na sanduku linalobana vinatosha. Karafuu zinanukia vizuri, ukipenda weka, ila usizitegemee.

Sisimizi! Nifanyeje?

Hao ndio walionifundisha kazi. Kipepeo mbichi ukimwacha kwenye ubao usiku mmoja, asubuhi unakuta mabawa manne yamebanwa vizuri na katikati hamna mwili. Meza ya kukaushia iwe na miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, au oili chafu ya gari. Meza isiguse ukuta. Pazia lisiiguse. Waya wa taa usiiguse. Sisimizi wana subira kuliko wewe, na njia moja tu inawatosha. Ukikosa meza, tundika ubao kwa kamba iliyopakwa mafuta mazito.

Na ukungu?

Kabati lenye balbu ndogo inayowaka chini, joto lipande na unyevu upungue. Pasipo umeme, zile pakiti za chembechembe zinazokuja kwenye viatu vipya, zikaushwe juani kila wiki. Ukungu ukishaota, upake spiriti ya hospitali kwa brashi laini ya rangi. Kwa mbawakawa unatoka wote. Kwa kipepeo usiguse, utatoka na rangi.

Lebo iandikweje?

Nikiambiwa niokoe kitu kimoja nyumba ikiungua, nitachukua lebo. Mdudu asiye na lebo ni pambo. Mwenye lebo hata akiwa hana mguu mmoja ni ushahidi kwamba siku fulani, mahali fulani, alikuwepo.

Karatasi ngumu, kama milimita 18 kwa 8, penseli iliyochongwa au chapa ya printa ya leza. Printa za wino wa maji huchuruzika. Kwa mfano:

TANZANIA: Tanga, Muheza mjini
5.17°S 38.78°E, kwenye taa
14.iv.2024
(jina la mkusanyaji)

Mwezi unaandikwa kwa namba za Kirumi kwa sababu 4/5 kwa mmoja ni Mei na kwa mwingine ni Aprili. Andika nchi hata kama unaona ni upuuzi, masanduku husafiri. "Nyumbani kwa bibi" si mahali. Simu yako inakupa latitudo na longitudo bure.

Wadudu gani hawachomwi pini?

Viwavi, mchwa, kumbikumbi, vidukari, na wote wenye mwili laini wanaonyauka kama zabibu. Hao wanakaa kwenye chupa za dawa zenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80, lebo ya penseli ikiwa ndani ya chupa. Buibui na tandu nao wanakwenda huko, ingawa si wadudu. Pombe kali za dukani nyingi zina asilimia 35 hadi 45, hazifiki. Wanafunzi wa kiume wanaonisogelea na pendekezo hilo kila mwaka naomba wasome hapa.

Panzi wakubwa ni wa katikati: huchomwa pini, ila kwanza pasua tumbo kwa chini, toa matumbo, jaza pamba kidogo. Usipofanya hivyo anaoza kabla hajakauka.

Kereng'ende wangu alikuwa mwekundu, sasa ni kahawia. Kwa nini?

Rangi yake inaoza pamoja na nyama. Wanaoweza humloweka kwenye asetoni usiku mzima mara tu akifa, na rangi hubaki zaidi. Macho yatabadilika tu, usijilaumu. Badala ya pini unaweza kumweka kwenye bahasha angavu pamoja na lebo, maana mkia wake mwembamba hukatika kwa upepo wa mlango.

Nahitaji kibali?

Shambani kwako na uwanjani kwa shule, kwa masomo, sijawahi kuona mtu akisumbuliwa. Ndani ya hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi, usiguse kitu bila ruhusa ya wenye hifadhi. Msitu wa Amani, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, uko jirani yetu, na milima ile ya Usambara ina viumbe wasiopatikana pengine popote duniani. Wanafunzi wangu tukipanda kule tunakwenda na daftari na kamera tu. Kuuza au kutuma wadudu nje ya nchi ni habari nyingine kabisa, yenye vibali vyake.

Majirani wanasema ninafuga madudu ya uchawi. Niwaambie nini?

Usiwaambie, waonyeshe. Mzee mmoja jirani yetu alikuja akiwa amekunja uso. Nikamfungulia sanduku, akaangalia safu ya kwanza, ya pili, kisha akaweka kidole juu ya kioo: "Huyu mshenzi namjua." Alikuwa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi, Oryctes monoceros. Akanieleza wanavyomtoa kwa waya wenye ndoano kwenye tundu la kichwa cha mnazi, na kwamba anazaliana kwenye magogo ya minazi iliyooza, kwa hiyo mwenye akili huyachoma. Niliandika yote nyuma ya daftari la lebo. Tangu siku hiyo ananiletea wadudu kwenye kopo la maziwa, wengine wakiwa hai bado, saa kumi na mbili asubuhi.

Mguu umekatika. Nimtupe?

Hapana. Okota mguu kwa brashi iliyolowa kidogo, gusa tone la gundi nyeupe kwa ncha ya sindano, urudishe mahali pake na uushikilie kwa pini mbili za mtandio hadi kesho. Ukiwa haujui ulikuwa wa kulia au wa kushoto, usibahatishe: ubandike kwenye pembetatu ya karatasi, uichome kwenye pini ile ile chini ya mdudu mwenyewe.